Saa Iliyosimama Kumngoja Mkwe

Wiki yangu ya mwisho kazini vijana wa maabara walinicheka kwa jambo moja. Kila kompyuta ilipoanza kunakili mafaili, niliinua mikono yote miwili kutoka mezani, nikaiweka mapajani na kukaa hivyo mpaka imalize. Mmoja wao akaniuliza kama ninaiombea. Mwingine akaniambia, "Ma Koku, gusa tu, mashine za siku hizi hazina shida." Najua hazina shida. Lakini mikono yangu ilijifunza kazi kwenye mashine nyingine, na mikono husahau polepole kuliko kichwa. Basi, kwa kuwa mmeniomba niwaandikie kitu kabla sijarudi Nyanga kwenye migomba yangu, nawaandikia habari ya mikono hiyo. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili langu, na wala havichekeshi.

Nilifika Muleba nikiwa msichana, nikashuka kwenye lori lililotoka Kemondo nikiwa na mkungu wa ndizi ambao mama alisisitiza niubebe, utadhani Muleba hakuna ndizi. Ilikuwa miaka ambayo ukipita barabarani uliona udongo mpya wa makaburi katikati ya migomba ya watu, kibanja baada ya kibanja. Wengine waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la shati la magendo la siku zile, wengi hawakuuita jina lolote. Walisema tu fulani anaumwa, wakanyamaza, na wewe ukaelewa.

Mkubwa wa maabara alikuwa Ta Kamugisha, na Ta kwetu ni heshima ya mzee, kama Ma kwa mama. Alikuwa mrefu, mkimya, koti jeupe limepigwa pasi na kola yake imetiwa kiraka kwa mkono wake mwenyewe. Nilitegemea siku ya kwanza atanionyesha darubini. Alinionyesha mlango. Alinifundisha jinsi ya kuvuta pazia mgonjwa anapoingia, mahali pa kusimama ili aliye nje asione nani amekaa kwenye kiti, na jinsi ya kuzungumza kwa sauti ambayo si ya kunong'ona, maana mnong'ono ndio unaowafanya watu watege sikio. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Koku, ukikutana na mtu sokoni, msalimie vile vile ulivyokuwa ukimsalimia kabla hujapima damu yake. Asione kitu machoni pako. Ukishindwa hilo, hata uijue darubini namna gani, hutanifaa."

Kipimo chenyewe tulikifanya kwenye sahani ya plastiki yenye mashimo madogo mengi, kila mtu na shimo lake. Unatia maji ya damu, unatia dawa, unasubiri, unaosha, unatia dawa nyingine. Shimo likibaki bila rangi, damu ni safi. Likigeuka njano, virusi vya UKIMWI vipo. Mashimo ya mwanzo tulitia damu ambazo majibu yake tulikwisha kuyajua, ili tuone kama dawa inafanya kazi. Tulisoma kwa macho, sahani juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, yeye kwanza, mimi baadaye, bila kuambiana. Tukitofautiana, tunarudia. Ilikuwa kazi ya kuchosha macho, na jokofu letu la mafuta ya taa lilitufanya tunuke mafuta mpaka kanisani.

Kisha vita vikawaka kwa jirani zetu ng'ambo ya mpaka. Watu wakavuka kwa maelfu, na nyuma yao yakaja mashirika na magari meupe. Sisi wa Muleba hatukuwa na kambi, lakini hospitali zote za mkoa zilihitaji damu kuliko zamani, na kila mfuko wa damu ulipaswa kupimwa. Shirika mojawapo, lilipofunga mizigo kuondoka, likatuachia vitu viwili: mashine ya kusoma sahani, na kompyuta ya kupokea majibu. Mashine ilimeza sahani, ikamulika shimo moja baada ya jingine, na kutuma namba ya kila shimo kwenye kompyuta kwa waya. Programu ya kupokea namba hizo ilikuwa imeandikwa na kijana wao mmoja ambaye alisharudi kwao. Alituachia ukurasa mmoja wa maelezo na picha yake akiwa ameshika sangara.

Aliyekuja kutufungia mitambo hiyo alikuwa fundi Salum wa Bukoba mjini, mwenye duka la kutengeneza redio. Babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara akaoa huku huku, na Salum aliongea Kiswahili kitamu kiasi kwamba wagonjwa walisimama dirishani kumsikiliza akikaza skrubu. Alitufundisha kuwasha, kuzima, na kukishika kile kipanya, ambacho wakati ule tulikiita mausi. Ta Kamugisha alikishika kwa vidole viwili, kama anavyoshika kipande cha kioo cha darubini. Mke wake akatushonea kitambaa cha kufunika kompyuta nzima kila jioni, chenye maua pembeni. Tangu siku hiyo tukaamriwa kuandika majibu ya mashine tu, na macho yetu yakapumzika. Sitasema sikufurahi.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kioo cha kompyuta ile kilikuwa na madirisha, kama yenu. Dirisha la majibu lilikuwa na tabia moja mbaya: kila namba mpya ilipoingia, liliruka mbele ya madirisha mengine, na majibu yote yakawa wazi kwa yeyote aliyesimama mlangoni. Jambo hili lilimnyima Ta Kamugisha raha. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja, na watu waliingia bila hodi ya maana. Alijaribu kuliburuta dirisha tupu la kuandikia barua mpaka juu ya majibu. Akiliachia tu, majibu yanaruka tena mbele. Alihangaika hivyo siku kadhaa mpaka akagundua mbinu. Akibonyeza ukanda wa juu wa dirisha tupu na kuendelea kuushikilia kwa mausi bila kuachia, majibu hayaruki. Yanabaki yamefunikwa kwa utulivu. Mgeni akitoka, anaachia, na mambo yanaendelea.

Alifurahi kama mtu aliyepata kitasa cha mlango usiofungika. Kuanzia hapo, mtu yeyote akiingia wakati mashine inasoma, mkono wa kulia wa Ta ulikwenda kwenye mausi, ukalishika lile dirisha tupu, na yeye akageuka kumsalimia mgeni kwa mwili wote uliobaki.

Na kwetu salamu si neno moja. Unauliza ameamkaje, wa nyumbani wameamkaje, ng'ombe je, kahawa imeivaje, mvua imefika, yule aliyeumwa amepona. Mtu mzima akikuuliza unajibu yote, na wewe unauliza yako. Ta Kamugisha hakuwahi kumkatiza mtu salamu hata siku moja.

Kwenye pembe ya kioo tulifungua saa ya kompyuta yenyewe, ile ya kuchorwa, ya mviringo, yenye mkono wa sekunde. Mimi ndiye niliyeanza kuona kwamba Ta akiwa ameshikilia dirisha lake, mkono wa sekunde unasimama. Akiachia, unaruka mpaka mahali sahihi, kama mtu aliyesinzia kwenye mahubiri akaamka ghafla. Tulicheka sana. Tulisema mashine hii imezaliwa Uhaya, ina adabu, inasimama wakubwa wanaposalimiana. Ta mwenyewe aliupenda utani huo na akawasimulia wageni.

Adelina alikuwa mkunga wa hospitali yetu na rafiki yangu. Mume wake alifariki mwaka mmoja kabla, kwa kuumwa kule ambako watu hawakukutaja. Mwaka mzima alisema atapima wiki ijayo. Alikuwa na binti mmoja, Grace, aliyekuwa akiishi na bibi yake Ijuganyondo ili asome mjini, na sababu ya kuahirisha ilikuwa huyo huyo mtoto. Hatimaye asubuhi moja aliingia, akavuta pazia mwenyewe, akakunja mkono wa sare yake na kusema, "Nitoeni damu kabla sijabadili nia."

Siku tuliyosoma sahani ile, aliyeingia mlangoni alikuwa baba mkwe wa Ta Kamugisha. Alikuja kutoka kijijini kwake na fimbo yake, na mkononi ana kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye jani la mgomba. Ninyi mnajua baba mkwe husalimiwaje. Ta alisimama nusu, kiuno kimeinama, mkono mmoja nyuma yake umeshika mausi. Salamu zilipita kwa kila mtu wa ukoo, walio hai na waliotangulia. Mimi nilipiga goti, nikapokea kahawa, nikatafuna. Saa ya kwenye kioo ilikuwa imesimama kwa heshima zote.

Majibu yalipotoka, namba ya Adelina ilikuwa kubwa, na namba kubwa ndiyo njano. Ta alimwita nyuma ya pazia mwenyewe. Sikusikia walichoongea. Niliona tu Adelina anatoka, anarudi wodini, na zamu yake akaimaliza yote, akazalisha watoto wawili.

Kipimo cha pili cha kuthibitisha kilifanyika mbali, na jibu lingeweza kuchukua miezi. Adelina hakungoja. Alianza kugawa vitu. Masufuria yake aliwapa majirani, koti lake la kanisani akampa mama mmoja mfagizi. Alimfundisha muuguzi mdogo kila alichokijua kwa haraka ya kutisha. Dawa zile mnazozitoa leo kama karanga hazikuwepo. Jioni moja alinikuta nikifunga mlango, akaniomba nikienda nyumbani nimpelekee Grace viatu vya shule Ijuganyondo, na nivinunue saizi mbili, ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Nilimwambia nitanunua. Niliingia ndani, nikafunga mlango tena, nikalia mpaka nikachoka.

Sahani iliyofuata ilikuwa imejaa. Hilo lilikuwa jambo la nadra, kwa kawaida mashimo ya mwisho yalibaki matupu. Mashine ikiwa katikati ya kusoma, aliingia mzee wa kanisa mwenye maneno mengi, na Ta akashika dirisha lake. Mimi sikuwa na la kufanya, nikaitazama saa. Ilisimama. Mzee alipoondoka, Ta akaachia, mkono wa sekunde ukaruka, na namba zikaendelea kuingia mpaka mashine ikatema sahani. Nikatazama majibu. Mashimo mawili ya mwisho hayakuwa na namba. Siku nyingine tungedhani ni yale matupu.

Nilimwambia Ta kwamba sahani imejaa lakini majibu hayajajaa. Akadhani nimehesabu vibaya, akahesabu yeye. Kisha tukaichukua sahani tukaiweka juu ya karatasi nyeupe dirishani, kama zamani. Shimo lililokuwa njano mbele ya macho yetu, kwenye kompyuta lilikuwa safi, na la njano kwenye kompyuta lilikuwa mashimo mawili nyuma yake. Namba mbili zilipotea njiani, na zote zilizofuata zikarudi nyuma kuziba nafasi. Kila mtu amepewa jibu la mwenzake.

Ta Kamugisha aliitazama saa ya kwenye kioo. Nadhani alilielewa jambo kabla yangu. Akaniuliza, "Siku ya Adelina, mkwe wangu alikuja tukiwa tumefika wapi?"

Nikamwambia tulikuwa tunasoma.

Alifungua jokofu, akatoa vichupa vya siku ile, maana tulivihifadhi, na sanduku la dawa tulilokuwa tumeliweka kwa dharura. Tulivipima vyote upya, na safari hii hatukuiwasha mashine. Alisoma yeye, nikasoma mimi, bila kuambiana. Shimo la Adelina lilikuwa jeupe kama maji ya kunywa. Nilirudia kulitazama mara nyingi kwa kuogopa kwamba macho yangu yananipa ninachokitaka. Njano ilikuwa mashimo mawili mbele yake, na kichupa hicho hakikuwa cha mgonjwa. Kilikuwa cha mfuko wa damu uliokuwa ndani ya jokofu lile lile, umebandikwa karatasi kwamba ni salama, ukingoja mama wa upasuaji kesho yake asubuhi.

Ta aliutoa mfuko kwa mikono yake, akaukumbatia kifuani mpaka kwenye tanuri la kuchomea taka. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ndugu wa yule mama walikuja asubuhi, tukawapima, kaka yake akatoa damu, na upasuaji ukaenda vizuri.

Tulimkuta Adelina akiosha glavu. Siku zile tuliziosha, tukazianika na kuzipaka poda ili zitumike tena. Ta Kamugisha, ambaye hakuwahi kumpita mtu bila kumuuliza habari za nyumbani, siku hiyo hakusalimia.

"Adelina, jibu lile halikuwa lako," akasema. "Damu yako ni safi. Nimeiona kwa macho yangu, na Koku ameiona kwa yake."

Adelina aliendelea kuosha glavu ile aliyoishika mpaka ikaisha. Akaitundika. Kisha akauliza, "Lilikuwa la nani?"

"Hilo siwezi kukuambia."

"Sawa. Lakini ameambiwa?"

"Bado."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akakaa pale pale sakafuni, kwenye maji, na kuanza kucheka, na machozi yanamtoka. Alichosema ni kwamba ameshagawa masufuria yote, sasa atapikia nini. Ta Kamugisha naye akachuchumaa kando yake, na koti lake lile la pasi, akamwomba radhi kwa Kihaya, maneno marefu ambayo mtu husema mbele ya wazee wa ukoo. Adelina alimwambia ainuke, koti linalowa. Mimi sikuwa na faida yoyote, nilikuwa nimeshika ndoo.

Fundi Salum alikuja kutoka Bukoba siku iliyofuata. Tulimwonyesha saa inavyosimama, akashika dirisha, akaachia, akashika, akaachia, kisha akavua kofia yake akaiweka mezani. Alituambia kwamba mle ndani kuna mtumishi mmoja tu. Madirisha ni mengi, mtumishi ni yule yule, anakimbia kutoka hili kwenda lile upesi mpaka mnadhani wako wengi. Ukilishika dirisha kwa mausi, umemshika yeye mkono. Anabaki hapo na wewe mpaka umwachie, na kule nyuma namba zinabisha hodi hakuna wa kupokea. Mlangoni kuna kibeseni cha kuzikinga, akasema. Salamu ikiwa fupi, kibeseni kinatosha, mtumishi akirudi anaziokota zote. Salamu ikiwa ndefu, kinafurika, zinamwagika, na wala hakuna anayekuambia.

Ndipo tukaelewa kwa nini majibu hayaruki Ta anapolishikilia dirisha. Hayakuwa yamefunikwa, yalikuwa hayaji. Na tukaelewa kwa nini hatukuwahi kukosea kwa muuza mkaa au kwa mtoto aliyetumwa. Tulikosea kwa wakubwa tu.

Ta Kamugisha alimuuliza Salum, kwa unyonge, sasa yeye angepaswa kufanya nini. Salum akatabasamu kwa huruma. "Mzee wangu, ungekuwa mtu asiye na adabu, mashine hii isingekosea hata mara moja." Ilikuwa mara ya kwanza Ta kucheka tangu tulipofungua jokofu.

Mwenye damu ile ya mfuko alikuwa mvuvi wa visiwani, mgeni wa mkoa huu, aliyejitolea damu kwa ajili ya mwenzake aliyeumia mkono. Jina lake silitaji hapa, Ta asingenisamehe. Mshauri wa wagonjwa aliyekuwa amefundishwa kazi hiyo kwetu alikuwa Adelina peke yake, kwa hiyo tulipompelekea mvuvi ujumbe arudi, ni yeye aliyempokea. Walikaa nyuma ya pazia muda mrefu sana. Alipotoka alitusalimia sote mmoja mmoja, na sisi tukamsalimia vile vile tulivyomsalimia siku ya kwanza. Alikuja kumwona Adelina mara nyingi baada ya hapo, kila mara na samaki. Hakuishi mpaka dawa zilipofika, na hilo linaniuma, lakini hakukaa peke yake na jambo lile kama ambavyo wengi walikaa.

Sisi tulibadilisha kazi. Tulianza kutia damu inayojulikana kwenye mashimo ya mwisho pia, si ya mwanzo tu, ili namba zikisogea tuzione. Nimefurahi kuona bado mnafanya hivyo, ingawa nimesikia mmoja wenu akiuliza ni ya nini. Macho yalirudi kazini, yanasoma kwanza, mashine inafuata. Mashine ikisoma, hakuna kugusa mausi. Na kwa ajili ya wageni, Ta alileta kipande cha lubugo kutoka kwao, kile kitambaa cha gome la mti walichovaa babu zetu, akakitundika juu ya kioo kwa kamba. Mtu akiingia unakishusha. Nyuma yake namba zinaingia bila kusumbuliwa, na wewe unasalimia mpaka uchoke. Tulikitumia hata mashine nyingine zilipokuja, zenye watumishi wengi ndani.

Ta Kamugisha amelala kwenye kibanja chake. Adelina alizidai sufuria zake akazipata zote, isipokuwa ile kubwa. Jirani alikataa katakata, akisema kilichotolewa na mtu anayekufa hakirudishwi, na kama hakufa hilo ni shauri lake.

Siku yangu ya mwisho Adelina alikuja kuniaga. Grace ndiye aliyemleta kwa gari lake, na mjukuu amebebwa. Kompyuta ilikuwa inapokea majibu. Kijana wetu mmoja, kwa utukutu tu, alikamata dirisha moja na kulizungusha huku na huko kwenye kioo ili anichokoze. Mimi mikono nimeiweka mapajani. Adelina akasimama mlangoni, akaniuliza nimeamkaje, na migomba ya Nyanga, na magoti yangu, na dada yangu, na mvua. Nilimjibu yote, nikamuuliza ya kwake yote, hatukuruka mtu. Katikati ya salamu nikatupa jicho kwenye pembe ya kioo. Saa ilikuwa inatembea.